Madirisha Yasiyo na Vyumba

Katika mtaa wa Alberta, mjini Riga, kuna jengo namba 2a ambalo lilinisimamisha kando ya barabara kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mgeni mwenye adabu. Nilikuwa nimekwenda Latvia kwa kongamano la siku tatu kuhusu utawala bora, na mchana wa siku ya mwisho, badala ya kuhudhuria kikao cha kufunga, nilitoroka. (Wanafunzi wangu wanisamehe, najua nimewahi kuwakata alama kwa kosa hilohilo.) Mlangoni mwa jengo hilo wamelala viumbe wawili wa mawe, miili ya simba na nyuso za wanawake. Juu yao ghorofa zinapandana, zimejaa mapambo na nyuso zinazomkodolea macho mpita njia, hadi safu ya mwisho ya madirisha karibu na mawingu. Ni pale tu unapoiangalia safu hiyo kwa makini ndipo unapogundua kwamba madirisha yake hayana vioo wala mapazia, na kwamba kilichomo ndani yake ni anga. Ghorofa ile haipo. Ni ukuta mtupu uliopandishwa juu ya paa ili jengo lionekane refu kuliko lilivyo.

Mtu aliyelichora jengo hilo mwaka 1906 aliitwa Mikhail Eisenstein. Alikuwa mhandisi, na pia mtumishi wa umma: ofisa wa serikali ya Tsar aliyeongoza idara ya barabara katika jimbo la Livland, wakati ambapo Latvia ilikuwa bado haijawa nchi. Nyumba zake nyingi katika mtaa huo zilijengwa kati ya mwaka 1903 na 1906, na leo watalii husafiri kutoka mbali kuja kuzipiga picha. Mtoto wake wa pekee, Sergei, aliyezaliwa Riga mwezi Januari 1898, hakuzipenda hata kidogo. Katika kumbukumbu alizoandika akiwa mtu mzima aliyadhihaki mapambo ya baba yake na zile sanamu kubwa zilizo tupu ndani.

Ulimwengu unamjua Sergei Eisenstein kama mwongozaji wa filamu. Mimi nataka kuzungumza juu yake kwa kazi iliyotangulia, ambayo kwa maoni yangu hakuiacha hadi kufa: ubunifu wa mandhari na uchoraji. Alianza kwa kuchora, akaingia kwenye tamthilia kwa mlango wa wasanifu wa jukwaa, na hata alipokuwa bwana wa sinema aliendelea kuifikiria kila picha kama mtu mwenye kalamu mkononi na ukuta mtupu mbele yake. Kwa asili hakuwa Mlatvia. Nyumba yao ilikuwa ya Kirusi yenye Kijerumani kingi ndani yake, na sidhani kama Walatvia wenyewe wamekubaliana hadi leo kama ni wao au si wao. Lakini macho yake yalifunguka Riga, katika nyumba ya mtu aliyejenga madirisha yasiyo na vyumba, na hilo linanitosha.

Baba alimtaka awe mhandisi. Mwaka 1915 kijana akaenda Petrograd kusomea uhandisi wa ujenzi, mapinduzi yakamkuta huko, na mwaka 1918 akajiunga na Jeshi Jekundu. Baba alichagua upande wa pili, upande wa Weupe, akafa uhamishoni Berlin mwaka 1920. Mwana, katika mwaka huohuo, alikuwa akipaka rangi mabehewa ya treni za uenezi zilizopeleka mabango na hotuba za mapinduzi kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Naona jambo la kutisha kidogo katika sadfa hii. Baba alipamba majengo ya dola iliyokuwa ikifa, na mwana akapamba treni za dola iliyokuwa ikizaliwa. Wote wawili waliifanya kazi hiyo kwa moyo wao wote.

Akaenda Moscow, akajiunga na tamthilia ya wafanyakazi ya Proletkult. Mwaka 1921 alishiriki kubuni mandhari na mavazi ya mchezo uitwao *Mmeksiko*, uliotokana na hadithi ya Jack London, na humo ndimo ilipojitokeza tabia yake. Mchezo ulikuwa na pambano la ngumi. Desturi ilitaka pambano lisikike nyuma ya pazia huku waigizaji jukwaani wakilishangilia. Eisenstein akataka ulingo uletwe mbele ya watazamaji, na waigizaji wapigane kwelikweli, jasho lionekane. Miaka mitatu baadaye, katika mchezo wa Sergei Tretyakov uitwao *Vinyago vya Gesi*, alikwenda mbali zaidi: aliuchukua mchezo wote na kuupeleka ndani ya kiwanda halisi cha gesi mjini Moscow, akaufanyia humo katikati ya mitambo. Jaribio lile halikufaulu. Mitambo halisi iliufanya uigizaji uonekane wa uongo. Wengi wangerudi jukwaani kwa unyenyekevu. Yeye alihitimisha kwamba tamthilia imemfikisha mwisho, akaingia kwenye filamu.

Niseme hapa kwamba mtoto wa mtaa wa Alberta alikuwa amegundua jambo ambalo sisi tunaofundisha siasa tunalizunguka kwa maneno mengi. Kuna aina mbili za mandhari. Ipo ile ambayo anayeitazama anajua ni mandhari, naye amekubali kuingia kwenye mchezo. Na ipo ile inayosimamishwa ili anayeitazama asijue.

Filamu iliyompa sifa duniani, *Manowari Potemkin* ya mwaka 1925, ina mkasa wa jina ambao sijawahi kuona wanafunzi wangu wakiutambua bila kuambiwa. Meli ile ya kivita ilipewa jina la Grigory Potemkin, mkuu aliyependwa na Malkia Catherine wa Pili, yuleyule anayesemekana kujenga vijiji vya uongo kandokando ya njia ya malkia aliposafiri kwenda Crimea mwaka 1787. Wanahistoria wengi hawaiamini hadithi hiyo kama inavyosimuliwa. Hata hivyo jina limeganda, na hadi leo “kijiji cha Potemkin” ni msemo wa kimataifa kwa kila kilichopakwa rangi upande wa barabara tu.

Filamu yenyewe ina mauaji ya ngazini mjini Odessa, ambayo hata mtu asiyeitazama filamu nzima huwa ameyaona mahali fulani: askari wakishuka kwa safu, kigari cha mtoto kikiporomoka. Mwaka 1905 damu ilimwagika Odessa, tena nyingi, lakini mauaji ya namna ile juu ya zile ngazi hayakutokea. Eisenstein alizitazama ngazi kama msanifu anavyoutazama ukumbi, akaona kwamba huzuni ya mji mzima ingeweza kuwekwa pale. Miaka miwili baadaye akatengeneza *Oktoba*. Filamu inafunguka kwa sanamu ya Tsar Alexander wa Tatu ikibomolewa na umati. Ile halisi ilikuwa imekwisha kuondolewa zamani, kwa hiyo ikaundwa ya bandia, na baadaye katika filamu vipande vyake vinaruka na kujiunga tena kwa kuirudisha filamu kinyumenyume. Yeye mwenyewe aliihusisha sanamu ile iliyo tupu ndani na zile za baba yake. Lakini ni filamu hiyohiyo ambayo, kabla haijaonyeshwa, ilipunguzwa ili Trotsky asionekane katika mapinduzi aliyoyaongoza. Na picha zake za kuvamiwa kwa Kasri la Majira ya Baridi zimetumika mara nyingi tangu hapo kana kwamba ni picha za habari. Kijana aliyemcheka baba yake kwa madirisha ya bandia alikuwa amekwisha kuijengea dola ghorofa nzima.

Ningependa kuendelea kumhukumu, lakini siwezi, na sababu yake si ya kitaaluma.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kama afisa utamaduni katika wilaya moja ambayo sitaitaja. Siku moja tukaambiwa kwamba mgeni mkubwa atakuja kufungua zahanati. Zahanati ilikuwa na ukuta, paa la bati na mlango. Vyumba viwili vya nyuma vilikuwa havijamwagwa hata sakafu. Ikaundwa kamati ya mapokezi, nami nikapewa mapambo. Tuliupaka rangi ukuta unaotazama barabara, huo tu. Tuliazima vitanda sita na mashuka yake kutoka hospitali ya wilaya jirani. Nilipigilia pazia la kitenge dirishani kwa misumari. Dawa hazikuwapo, kwa hiyo nikaokota maboksi matupu ya dawa na kuyapanga rafuni, majina yakitazama mlangoni, makubwa nyuma, madogo mbele. Hakuna aliyenifundisha kupanga vile. Nilifanya kwa uangalifu, na nikiri kwamba niliifurahia kazi yangu. Mgeni alikaa ndani kwa dakika zisizozidi kumi na tano, akasifu, akaondoka. Kabla ya magharibi lori lilikuwa limevibeba vitanda.

Siku ya tatu nilirudi kuchukua pazia, kwa kuwa nalo lilikuwa la kuazima. Nikamkuta bibi mmoja ameketi kizingitini, mjukuu amelala mapajani mwake, anatetemeka kwa homa. Siku ya sherehe alikuwa kwenye umati, aliviona vitanda kwa dirisha, na sasa alikuwa ametembea kutoka kijiji cha mbali. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia: “Mwanangu, vile vitanda vimekwenda wapi?”

Nikamjibu, “Vinakuja, bibi.”

Akanishukuru. Nilimpa nauli ya gari la kwenda mjini, na gari likaja, wakapanda. Sikupata kujua mtoto yule alifikia wapi. Nimesimulia mengi katika kurasa hizi kuhusu makosa ya wengine. Hili nimechukua zaidi ya miaka 20 kuliandika.

Kwa hiyo ninapofika kwenye miaka ya mwisho ya Eisenstein ninaisoma kama mtu anayetafuta kitu chake mwenyewe.

Miaka ya thelathini ilimfundisha uzito wa rangi aliyokuwa akiipaka. Mwaka 1937 filamu yake *Malisho ya Bezhin* ilisimamishwa kabla ya kukamilika, naye akalazimika kuandika hadharani makosa yake. Tretyakov, yule wa kiwanda cha gesi, alipigwa risasi mwaka huohuo. Isaac Babel, aliyemsaidia kuandika *Malisho ya Bezhin*, alikamatwa mwaka 1939 na kuuawa mwaka uliofuata; hali kadhalika Vsevolod Meyerhold, mwalimu wake wa tamthilia. Nyaraka za Meyerhold zilihitaji pa kufichwa, na aliyezipokea na kuzificha katika nyumba yake ya shamba ni Eisenstein. Karatasi zile zipo hadi leo kwa sababu hiyo. Na katika kipindi hichohicho, akiwa amezungukwa na hofu hiyo, alikuwa akitengeneza *Alexander Nevsky*, filamu iliyomletea Nishani ya Lenin. Vita vyake maarufu juu ya ziwa lililoganda vilipigwa picha wakati wa kiangazi, karibu na Moscow. Barafu ilikuwa chaki na vitu vingine vilivyomwagwa juu ya ardhi iliyosawazishwa. Aliyesimamia mandhari alikuwa Iosif Shpinel, msanifu ambaye jina lake halitajwi kama linavyostahili, nami nalitaja.

Ni Shpinel pia aliyefanya naye *Ivan wa Kutisha*. Filamu hii ilitakiwa na wakubwa: Stalin alipenda kujiona katika Tsar Ivan, mkali lakini mjenzi wa dola. Vita vikawahamishia Alma-Ata, mbali kabisa na medani, na huko upigaji picha ulifanyika zaidi usiku, kwa kuwa mchana umeme ulihitajika viwandani. Eisenstein alichora michoro kwa mamia na mamia. Kila pembe, kila kivuli, hata namna mwigizaji anavyopinda shingo, vilichorwa kwanza kwenye karatasi. Nikolai Cherkasov aliyeigiza Ivan ilimbidi aulazimishe mwili wake ufuate penseli ya mtu mwingine.

Tazama alichokijenga. Jumba la mtawala katika filamu ile lina dari nzito na milango mifupi kiasi kwamba hakuna anayeingia bila kuinama. Kuta zimejaa picha za watakatifu wenye macho makubwa, na macho hayo hayaachi kumtazama mtu. Kivuli cha Ivan ukutani ni kikubwa kuliko Ivan. Mtu akikaa ndani ya jumba hilo kwa saa tatu haambiwi na yeyote kwamba udikteta ni kitu kibaya. Shingo yake mwenyewe inaanza kuuma. Katika sehemu ya pili kuna karamu iliyopigwa kwa filamu ya rangi iliyotekwa kutoka kwa Wajerumani. Ivan, kwa mzaha, anamvika joho na taji la ufalme binamu yake mwenye akili ya kitoto. Kijana anafurahi. Anatembea na vazi lile hadi kanisani, ambako muuaji aliyetumwa kumchoma kisu mfalme anamchoma yeye, maana gizani kinachoonekana ni vazi tu.

Sehemu ya kwanza ilipata Tuzo ya Stalin mwezi Januari 1946. Tarehe 2 Februari, katika sherehe ya tuzo, alishikwa na maradhi ya moyo akicheza dansi. Mwezi Septemba Kamati Kuu ya chama ikailaani sehemu ya pili. Mwezi Februari 1947 aliitwa usiku Kremlin pamoja na Cherkasov, mbele ya Stalin, Molotov na Zhdanov. Waliambiwa kwamba Ivan wao ni mtu wa kusitasita kama Hamlet, kwamba walinzi wake wanafanana na Ku Klux Klan, kwamba ukatili wake ungeonyeshwa lakini pamoja na sababu za kwa nini ulihitajika. Hata ndevu zilijadiliwa, kuwa ni ndefu mno. Eisenstein alikubali kurekebisha, akaomba muda. Hakurekebisha kitu. Alifariki tarehe 11 Februari 1948, akiwa na miaka 50, na filamu ile ikabaki kabatini hadi mwaka 1958, wakati Stalin mwenyewe alikuwa amekwisha kufa.

Mwaka jana niliwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa pili sehemu hiyo ya karamu na kanisa. Taa zilipowashwa binti mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, aliuliza: “Mwalimu, huyu alikuwa jasiri au mwoga?”

Nilianza kujibu kama tunavyojibu sisi, kwa kuligawa swali, mpaka nikajisikia aibu. Nikawaambia ninachokiamini. Mtu aliyeficha karatasi za Meyerhold na mtu aliyemwondoa Trotsky kwenye mapinduzi ni mmoja, naye hakungoja awe safi ndipo afanye jambo jema. Alikuwa fundi wa kuta za dola, na kwa muda mrefu alizipaka rangi upande wa barabara kama alivyoagizwa. Kisha akapewa kazi kubwa kuliko zote, kuijenga nyumba ya mtawala mwenyewe, na safari hii akaijenga na vyumba vyake vya ndani, akatuingiza. Sijui kama huo ndio unaoitwa ujasiri. Najua kwamba mwenye nyumba aliielewa, ndiyo maana akaifungia kabatini.

“Lakini aliahidi kurekebisha,” binti akasema. “Aliwadanganya.”

“Ndiyo. Aliwadanganya wao.”

Darasa likacheka kidogo, tukaendelea na mengine. Sikuwasimulia habari za zahanati siku ile. Wengi wao watakuwa watumishi wa umma kabla hawajafika miaka 30, na kuna siku watakabidhiwa kamati ya mapokezi, na pengine nilipaswa kuwasimulia. Ndiyo maana nimeandika hapa, mahali ambapo najua wanasoma.

Zahanati ilipata vitanda vyake miaka minne baada ya sherehe. Nilipita huko kwa shughuli nyingine, nikasimamisha gari. Muuguzi wa zamu aliniruhusu niingie baada ya kumwambia kwamba nilipata kufanya kazi wilayani pale. Vilikuwa vitanda vinne, magodoro yake yamefunikwa kwa nailoni, na katika kimoja mwanamke alikuwa amelala na mtoto wake mchanga. Sakafu ilikuwa imemwagwa hadi vyumba vya nyuma. Kwenye fremu ya dirisha linalotazama barabara misumari yangu mitatu ilikuwa bado ipo, imeota kutu, na mtu alikuwa ametundika kandambili kwenye mmoja wao.